Mashine ya Kuchapia Vikombe: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Vikombe vyenye picha au maandishi siku hizi ni zawadi ya kawaida katika harusi, ubatizo, kipaimara, mahafali na jubilei za kwaya. Ndiyo maana vikundi vingi vya vijana na akina mama vinafikiria kuanzisha mradi huu, na swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: tununue mashine gani?

Kabla ya kujibu, niwaeleze habari ya kikundi kimoja ninachokifahamu. Vijana hao walikopa fedha za VICOBA wakanunua mashine ya kazi nane kwa moja: fulana, kofia, sahani, vikombe vya aina mbalimbali. Muuzaji aliwaambia hawatahitaji kununua kitu kingine tena. Oda walizopata zilikuwa karibu zote za vikombe. Mashine za namna hiyo kwa kawaida huendeshwa na kisanduku kimoja tu cha kurekebisha joto na muda, kwa hiyo huwezi kuchapa fulana na kikombe kwa wakati mmoja. Mwezi wa nne kisanduku kiliharibika, na kazi zote nane zikasimama siku hiyo hiyo. Marejesho ya mkopo wakayatoa mifukoni mwao.

Jinsi kazi inavyofanyika

Ili kuchagua vizuri, ni lazima uelewe kinachotokea ndani ya mashine. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo, kwa wino uitwao wa sablimesheni. Karatasi hufungwa kwenye kikombe kwa utepe unaostahimili joto, kisha kikombe huingizwa kwenye mashine. Joto likifika kiasi cha nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, wino hugeuka kuwa gesi bila kuyeyuka kwanza, na gesi hiyo huingia ndani ya utando mwembamba wa poliesta uliopakwa juu ya kikombe. Kikipoa, rangi imenaswa humo na haibanduki kwa kuoshwa.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kupata hasara: vikombe vya kawaida vya sokoni havina utando huo. Hata uwe na mashine nzuri namna gani, picha haitashika. Nunua vikombe vilivyotengenezwa kwa ajili ya kazi hii, tena vyeupe au vya rangi nyepesi, kwa kuwa wino huu hauna rangi nyeupe. Ulizeni kwanza vikombe hivyo mtavipata wapi na kwa nauli gani. Kikundi kilichoko mbali na mji mkubwa huenda kikaona kwamba faida inaishia kwenye usafiri na vikombe vinavyovunjika njiani.

Mkanda ndio moyo wa mashine

Mashine ya vikombe ni ndogo, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Ndani yake kuna mkanda wa mpira wa silikoni wenye nyaya za joto, unaokizunguka kikombe na kuacha nafasi ya mkono wake. Mkanda huu ndio unaochakaa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei ya mashine, bali hili: mkanda ukiungua, nitapata mwingine hapa, na ni shilingi ngapi? Akisita, nenda duka jingine. Kama uwezo upo, nunua mkanda wa akiba siku hiyo hiyo, maana mikanda hutofautiana plagi na si kila mmoja utaingia kwenye mashine yako.

Angalia pia ukubwa. Kikombe kinachotumika zaidi ni cha mililita 325 hivi, chenye kipenyo cha sentimita 8 na kidogo. Mkanda wa kikombe hicho hautafaa kwa kikombe kilichopanuka juu na kuwa chembamba chini, kwa sababu hautakibana sawasawa, na mahali pasipobanwa rangi hupauka. Skrubu ya kukaza mbano iwe rahisi kurekebisha.

Usilipe kabla ya kuijaribu. Nenda na kikombe chako na karatasi iliyokwisha kuchapwa picha yenye rangi nyeusi na nyekundu nyingi. Mwambie muuzaji aiwashe, aweke nyuzi 180 na dakika tatu hadi nne. Kikombe kikitoka, kiache kipoe, halafu kitazame pande zote, hasa karibu na mkono, juu na chini. Nyeusi ikiwa kama kahawia, mara nyingi joto au muda vimezidi. Rangi zote zikiwa hafifu, vimepungua. Hayo yanarekebishika. Lakini upande mmoja ukikolea na mwingine ukafifia hata baada ya kurekebisha mbano, mkanda una kasoro. Picha yenye kivuli, kama imechapwa mara mbili, ni kosa la aliyefunga karatasi, usiilaumu mashine.

Umeme

Mashine ya kikombe kimoja hutumia wati 300 hadi 400. Ikiwa ni ya wati 350, itachukua karibu saa tatu kumaliza uniti moja hata kama inapasha joto muda wote. Mashine bapa ya fulana inaweza kufika wati 1,800, na jenereta ndogo za saluni haziwezi kuibeba. Hakikisha mashine imeandikwa volti 220 hadi 240. Zile za Marekani za volti 110 huungua zikichomekwa kwenye umeme wetu.

Umeme mdogo nao ni tatizo. Ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, nguvu ya joto hupungua hadi karibu asilimia 60, na mashine huchelewa sana kupata moto. Kwa mashine ndogo, stabilaiza ya friji inatosha. Na msiiache ikiwaka kwenye joto la juu bila kikombe ndani, kwa sababu mkanda huzeeka haraka. Fungueni madirisha pia, maana moshi wa kazi hii haufai kuvutwa siku nzima.

Pigeni hesabu kwanza

Tuchukue mfano tu. Mashine, printa, wino na karatasi vikigharimu shilingi 1,200,000, na kila kikombe kikibakiza shilingi 4,000 baada ya gharama zake zote, mtahitaji kuuza vikombe 300 ili kurudisha fedha hizo, kabla ya riba. Je, oda 300 mnaziona? Kwa mashine moja, fundi aliyezoea huchapa kama vikombe 10 kwa saa, kwa hiyo nguvu kazi si kikwazo. Kikwazo ni wateja.

Kwa maoni yangu, kikundi kinachoanza kisinunue mashine kabisa kwa miezi miwili au mitatu ya kwanza. Chukueni oda, mtengeneze picha, mpeleke kwa mchapaji wa mjini na kumlipa kwa kila kikombe. Faida itakuwa ndogo, lakini mtajua wateja wenu wanataka nini. Wale vijana niliowataja hivi sasa ndivyo wanavyofanya. Deni wamebakiza marejesho mawili, na wanaweka akiba ya kununua mashine ya kikombe kimoja pamoja na mkanda wake wa pili.