Je, Wajua? Maji ya Kumwogeshea Mzee

Je, wajua kwamba mzee anaweza kupata homa ya mapafu bafuni? Mwaka 1976 askari wastaafu wa Marekani walikutana hotelini Philadelphia. Walipotawanyika wakaanza kuugua mapafu mmoja baada ya mwingine, na watu 34 wakafariki. Bakteria aliyewaua alitambuliwa mwaka uliofuata, akaitwa Legionella kutokana na jina la chama chao, American Legion. Hustawi kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 20 hadi 45 za Selsiasi, hasa yaliyolala bombani siku nyingi. Njia yake kuu si mdomo. Bomba la mvua likifunguliwa hurusha matone madogo mno yanayoelea hewani, na mtu huyavuta kwa pumzi. Mapafu ya mzee ndiyo yanayoshindwa upesi.

Hapo makazi ya wazee ya Uingereza hubanwa kotekote. Maji ya tangi hutakiwa yafike nyuzi 60 ili bakteria huyo afe, lakini ngozi ya mzee ni nyembamba, na maji ya nyuzi 60 humbabua mtu kwa sekunde chache. Basi karibu na bomba hufungwa vali ya kuchanganya maji moto na baridi, na yanayoingia kwenye hodhi la kuogea hayapaswi kuzidi nyuzi 44. Hata hivyo mhudumu hutumbukiza kipimajoto kabla mzee hajaingia. Bomba la mvua la chumba kisicho na mtu nalo hufunguliwa kila wiki, maji yatiririke. Ni kazi ya kuchosha isiyoonekana na mtu, nami naiheshimu sana.

Je, wajua kuhusu beseni? Watafiti walipima mabeseni 92 ya kuogeshea wagonjwa katika hospitali 3 za Marekani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba asilimia 98 yalikuwa na bakteria. Si ajabu ukifikiria linavyotunzwa: linasuuzwa haraka, linapachikwa ndani ya jingine likiwa bado na maji, kisha dodoki na sabuni vinarudishwa humo humo. Unyevu huo ndio shamba la vijidudu.

Kitakasa mikono cha spiriti nacho kina mpaka. Clostridioides difficile, anayewaharisha vibaya wazee waliotumia antibayotiki, hujifungia ndani ya gamba ambalo spiriti hailipenyi. Dawa yake ni mikono kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na bafu kusuguliwa kwa klorini. Mdudu wa upele naye huishi siku 2 hadi 3 nje ya mwili, kwa hiyo taulo moja kwa wazee wawili ni daraja lake.

Na juhudi hizi hulipa. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulihusisha makazi 28 ya California. Wahudumu wa nusu ya makazi hayo waliwaogesha wazee kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na kuwapaka dawa ya ayodini puani. Kati ya wazee wao waliopelekwa hospitali, waliopelekwa kwa maambukizi walishuka kutoka takriban asilimia 63 hadi 52. Makazi mengine, yaliyoendelea na sabuni ya kawaida, hayakuona mabadiliko.

Nawe unayemwogesha bibi nyumbani kwa ndoo na kata, ukimaliza leo, osha beseni lake kwa sabuni, lifute, kisha lifudikize peke yake juani mpaka likauke kabisa.