Ukoko wa Chokaa Katika Mabomba ya Mvuke

Wasomaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za adui mweupe, asiye na kelele, ambaye ameharibu mitambo mingi ya mvuke duniani. Jina lake ni ukoko wa chokaa. Kila mwenye birika la kuchemshia maji ya kisima amekwisha kuuona: ni lile gamba gumu jeupe linaloshika chini na kando. Wengi hudhani ni uchafu tu. Kumbe gamba hilo huletwa na moto wenyewe, kisha huuzuia moto usifanye kazi yake.

Kwanza yafaa tujue chokaa hutoka wapi. Mvua inaponyesha huchukua kidogo ile hewa tuitoayo tunapopumua, ambayo wataalamu huiita kaboni dioksaidi. Maji yapenyapo udongoni huipata zaidi, kwa kuwa mizizi na majani yanayooza huitoa. Maji yenye hewa hiyo yana ukali kidogo, nayo huweza kuyeyusha mawe ya chokaa. Ndiyo maana visima vingi vya Unguja na Mombasa, ambako nchi imekaa juu ya mawe ya matumbawe, hutoa maji magumu yasiyotoa povu la sabuni upesi. Maji hayo ni safi machoni, lakini chokaa imo, kama chumvi iliyomo katika mchuzi.

Sasa tuyatie motoni. Joto huifukuza hewa ile, nayo hutoka. Ikiisha kutoka, chokaa haina tena kitu cha kuishikilia majini, hurudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa asili yake. Mwenziwe chokaa ni jasi. Sukari huyeyuka zaidi katika maji ya moto kuliko ya baridi. Jasi ni kinyume chake, maana maji yakipata moto mwingi hujitenga nayo.

Angalieni basi bomba la chuma katika boila ya kiwanda cha sukari. Moto wa makapi ya miwa uko nje, na maji hupita ndani. Maji ya katikati ya bomba huenda mbio, lakini yale yanayogusa ukuta huenda polepole mno, nayo ndiyo yenye joto kuliko yote. Kwa hiyo mageuzi tuliyoyataja hutukia zaidi pale pale ukutani, na chokaa hushikamana na chuma, tabaka juu ya tabaka.

Hapo ndipo hasara ianzapo. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 10 kuliko ukoko huo. Maana yake, ukoko wenye unene wa milimita 1 tu huzuia joto kama chuma chenye unene wa zaidi ya milimita 10. Joto lisilopata njia ya kuyafikia maji hutoka bure na moshi dohanini, na kuni huteketea bila faida.

Lakini hasara ya kuni ni ndogo ukiilinganisha na hatari ya uhai. Ndani ya boila yenye mgandamizo mara 10 ya ule wa hewa yetu, maji huchemka kwa nyuzi 180 hivi za Sentigredi. Bomba safi hupozwa na maji hayo daima, hata joto lake halipandi mbali zaidi. Bomba lenye ukoko hutengwa na maji yake, nalo huzidi kupata moto. Na likifika karibu na nyuzi 500, chuma cha kawaida hupoteza nguvu zake nyingi. Huvimba, kisha hupasuka, na mvuke ukatoka kwa nguvu ya kuua watu. Ubaya zaidi ni huu: mchochea moto akiona mvuke umepungua huongeza kuni. Moto ukizidi, ukuta huzidi joto; na ukuta ukizidi joto, chokaa huzidi kushika.

Dawa zake ni zipi? Mwaka 1841, Thomas Clark, mwalimu wa kemia huko Aberdeen, Uskoti, alipata hati ya uvumbuzi kwa njia ya ajabu: kuondoa chokaa kwa kutia chokaa. Chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji, ikitiwa katika tangi kabla ya maji kufika motoni, huinasa ile hewa yote, na chokaa zote mbili hutuama chini. Kwa jasi hutumika magadi yaliyosafishwa, kama yale yatokayo Ziwa Magadi nchini Kenya. Tena fundi mwangalifu hufungua kilango cha chini cha boila mara kwa mara, tope litoke kabla ya kugeuka jiwe.

Nyumbani, tieni maji ya ndimu katika birika lenye ukoko. Mtaona mapovu: ndiyo hewa ile ile ikitoka, na gamba huyeyuka. Ila mabomba ya kiwanda yasisafishwe kwa vitu vikali ila na mafundi wanaojua kipimo, kwa maana kitu kiliacho chokaa huweza kula na chuma pia.

Basi mtu aliyewekwa kutunza mtambo wa mvuke asiangalie moto peke yake. Ayajue na maji yake, kwa kuwa uhai wa wenziwe umo katika bomba safi.