Meza Baridi ya Copenhagen

Miongoni mwa mambo yanayomshangaza mgeni aliyetoka katika migomba ya Kibimba, huko Ngara, akafika Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, hapana lishindalo chakula chao cha adhuhuri, ambacho huandaliwa baridi makusudi, wala mwenyeji haoni haya kukileta. Kwetu kumwekea mgeni ndizi na maharage yaliyopoa ni karibu sawa na kumfukuza.

Msingi wa chakula hicho, ambacho wenyewe hukiita smørrebrød, ni kipande chembamba cha mkate mweusi wa rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Mkate mzito, mchachu kidogo, uliopakwa siagi hata pembeni, kisha ukafunikwa kitoweo hata wenyewe usionekane. Asili yake ni riziki ya mkulima na kibarua, aliyefunga mkate wake alfajiri akaenda nao kazini. Lakini katika karne ya 19 wenye mikahawa waliutwaa mkate huo wa maskini wakautia madaha, hata mkahawa wa Oskar Davidsen, uliofunguliwa mwaka 1888, ukapata sifa kwa orodha ya vyakula iliyopita mkono wa mtu kwa urefu.

Mahali ambapo vyakula hupangwa juu ya meza ndefu ili kila mtu ajipakulie, mgeni hudhani amepewa idhini ya kuchota apendavyo, akarundika samaki, nyama na jibini katika sahani moja. Hapana atakayemkemea, walakini meza ile ina sharia. Hutangulia heringi, samaki wa bahari ya kaskazini aliyelowekwa katika siki na sukari, au, ajabu kwa watu walio mbali hivyo na Bara Hindi, katika rojo ya bizari, nayo kwa kweli ni tamu. Kisha hutwaliwa sahani safi, maana harufu ya heringi haikubali mshirika. Ndipo huja samaki wa kukaanga, kamba, na mkunga aliyekaushwa kwa moshi, ambaye mimi namwachia mwenye moyo. Baadaye nyama, na jibini mwisho. Vyote huliwa kwa kisu na uma.

Mwislamu na ajihadhari, kwani nguruwe ametapakaa mezani: nyama yake, ini lake lililosagwa likaokwa, hata mafuta yake yapakwayo mahali pa siagi. Heringi, mayai na viazi vyatosha kumshibisha, mradi aulize kwanza mkate umepakwa nini.

Wanywao huletewa akvaviti, pombe kali yenye harufu ya kisibiti, katika gilasi ndogo. Naye anywaye humtazama mwenziwe machoni, hutamka "skål", hunywa, kisha humtazama tena kabla ya kuiweka gilasi chini. Karamu za kabla ya Krismasi huanza adhuhuri zikaendelea hata jua likatua, ingawa hilo si jambo kubwa, kwani katika Desemba jua la Copenhagen hutua kabla ya saa kumi alasiri. Anayeondoka mezani humshukuru mwenyeji kwa chakula, akajibiwa kwamba kimfae mwilini, ndipo atafute koti lake.