Mwaustralia Anapopanda Meli ya Waingereza

Mwulize mama wa Australia kama Mwingereza ni mgeni kwake, huenda akacheka. Lugha yao ni moja, mfalme wao ni mmoja, na pengine nyanya yake alizaliwa Liverpool au Glasgow. Lakini mama huyohuyo akikata tiketi ya meli ya kitalii ya Waingereza na kuingia na masanduku yake, kabla ya siku ya pili kwisha atatambua kwamba yuko kwa watu. Ni kama binti aliyeolewa mbali anaporudi kumtembelea nyanya yake. Anapendwa, anakaribishwa, anapikiwa, lakini utaratibu wa nyumba si wake.

Huenda wewe msomaji hujapata kupanda meli ya namna hiyo, na wala hutazamii. Hata hivyo, siku hizi dada zetu wengi kutoka Kongo, Burundi na kwingineko wanaishi Australia, na barua zao hutuletea habari za maisha ya huko. Tena, mambo yanayowasumbua wasafiri hawa ni yaleyale yanayotusumbua sote: mavazi, fedha, ugonjwa na amani kati ya mume na mke.

Meli zenyewe

Meli za Waingereza zinazofika Australia ni hasa za makampuni mawili, Cunard na P&O Cruises. Hutoka Southampton mwanzoni mwa mwaka kwa safari ndefu ya kuzunguka dunia, na baada ya wiki kadhaa hutia nanga Sydney. Mara nyingi hufunga gati Circular Quay, hatua chache kutoka lile jumba maarufu la Opera. Abiria halazimiki kuzunguka dunia nzima. Anaweza kununua kipande tu, mathalani kutoka Sydney hadi Hong Kong, au akaenda nayo hadi Uingereza kisha akarudi kwa ndege.

Hapo watu wengi huchanganya mambo. Kulikuwa na P&O nyingine ya Australia yenyewe, ambayo historia yake ya matembezi ya baharini kutoka Sydney ilianzia mwaka 1932. Jina hilo liliondolewa Machi 2025, na baadhi ya meli zake zikaingizwa katika kampuni ya Carnival ya Wamarekani. Aliyezoea meli zile, mchana kutwa kaptula na ndara, asidhani kwamba P&O ya Southampton ni ileile. Cunard nayo ilikuwa ikiiweka meli yake ya Queen Elizabeth nchini Australia katika miezi ya joto, lakini msimu wa mwisho ulikwisha mwaka 2025.

Na tusidanganywe sana na bendera. Cunard na P&O zote mbili ni mali ya hiyohiyo Carnival, na tangu mwaka 2011 meli za Cunard zimeandikishwa Bermuda. Uingereza utakaoukuta humo ni wa desturi kuliko wa umiliki.

Mama mwenye watoto na aulize mapema. Meli za P&O zinazoitwa Arcadia na Aurora, ambazo ndizo hufanya safari ndefu, ni za watu wazima peke yao; aliye chini ya miaka 18 hapandi. Cunard hupokea watoto kuanzia miezi 6, na katika safari za kuvuka bahari kuu kuanzia miezi 12. Mjamzito ambaye mimba yake itakuwa imefika wiki ya 24 kabla ya safari kwisha hakubaliwi katika kampuni yoyote kati ya hizo mbili. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kulipa kuliko kulijulia gatini.

Njia waliyopita wazazi

Kwa Waaustralia wengi safari hii si starehe tupu. Kati ya mwaka 1945 na 1972 Waingereza zaidi ya milioni moja walihamia Australia kwa msaada wa serikali. Mtu mzima alilipa pauni 10 tu, watoto walisafiri bure, na wenyeji wakawabandika jina la "Poms wa pauni kumi". Aliyekata tamaa kabla ya miaka 2 alitakiwa kurudisha gharama za safari. Julia Gillard, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza mwanamke wa Australia mwaka 2010, alizaliwa Wales. Alipokuwa mdogo alisumbuliwa na mapafu, wazazi wakashauriwa kwamba hali ya joto ingemfaa, na mwaka 1966 wakahamia Adelaide. Wangapi walifunga mizigo yao kwa sababu ya kikohozi cha mtoto!

Wengi wao walikwenda kwa meli. Katika baadhi ya meli za miaka ya mwanzo akina baba walilazwa vyumba vya wanaume, na mama akabaki na watoto upande mwingine kwa wiki nyingi. Leo wajukuu wao wanaipita bahari ileile wakinywa chai katika vikombe vya kaure. Hata njia imebadilika. Kwa sababu ya hatari katika Bahari ya Shamu, mwaka 2024 Cunard iliziondoa meli zake katika njia ya Suez, zikazunguka Afrika kwa Rasi ya Tumaini Jema.

Bwana na tai yake

Jambo linaloanzisha ugomvi katika vyumba vingi ni mavazi. Mwanamume wa Australia hujivunia kuishi bila makuu. Ukimwambia avae tai akiwa likizoni ataona umemfunga kamba. Lakini katika meli za Cunard, ifikapo saa 12 jioni, watu hutarajiwa kuvaa vizuri: gauni au blauzi ya heshima kwa mwanamke, na koti kwa mwanamume. Zaidi ya hapo kuna usiku wa sherehe, ambapo wanawake huvaa magauni marefu na wanaume suti nyeusi na tai. P&O nayo ina usiku kama huo.

Asiyetaka hafukuzwi. Kuna sehemu za kula anazoweza kwenda na nguo zake za kawaida. Ila mke aliyenunua gauni miezi mitatu kabla, kisha akaishia kula kwenye foleni ya sahani kwa sababu bwana hataki kufunga tai, hatalala kwa furaha. Bora wazungumze nyumbani, kabla ya kufunga masanduku.

Kuna habari njema kwa dada zetu: vazi rasmi la taifa la mtu linakubaliwa katika usiku wa sherehe. Kitenge kilichoshonwa vizuri na kilemba chake kitaingia ukumbini bila kuulizwa swali. Kuhusu uzito wa mizigo, meli haina ubahili kama ndege. Lakini anayeshuka Southampton na kurudi kwa ndege akumbuke kwamba magauni yote yatapimwa kwenye mizani.

Habari nyingine njema ni ya dobi. Katika meli hizi kuna vyumba vyenye mashine za kufulia na pasi, ambavyo abiria hutumia bila malipo. Huko ndiko akina mama hukutana. Ukitaka kujua chakula gani ni kizuri na nani amegombana na nani, nenda na kapu lako la nguo. Chumbani kwako pasi hairuhusiwi, kwa kuogopa moto. Na kwa kuwa soketi za huko ni za Kiingereza, zenye matundu matatu ya mstatili, plagi ya Australia yenye vyuma vilivyolala upande haitaingia bila kiunganishi.

Mezani

Asubuhi utaletewa mayai, nyama ya nguruwe, maharage ya mchuzi wa nyanya, na samaki wa moshi ukipenda. Mkate hupakwa jamu ya machungwa, au Marmite, ule urojo mweusi wa chumvi ambao Mwaustralia ataukataa akidai Vegemite ya kwao. Kwa Waaustralia huo si mzaha mdogo. Saa 9 na nusu alasiri, katika meli za Cunard, wahudumu wenye glavu nyeupe huleta chai pamoja na vipande vidogo vya mkate na vikeki vya jamu na malai, huku muziki ukipigwa. Yote hayo yamo katika nauli.

Jambo linalomkera Mwaustralia zaidi ni la kupangwa. Katika meli za Cunard chumba ulicholipia ndicho huamua utakula wapi. Wa vyumba vya bei kubwa kabisa hula Queens Grill, wanaowafuata Princess Grill, na wengi waliobaki hula Britannia. Wale wa Grill wana hata sebule yao ambayo wengine hawaingii. Sasa mtu ametoka nchi ambako, kwa desturi, abiria aliye peke yake huketi kiti cha mbele cha teksi kando ya dereva ili asionekane anajikweza! Wengine huchukia kabisa. Wengine hugundua kwamba chakula cha Britannia ni kizuri na wenzao mezani ni wachangamfu, wakasahau.

Fedha, na mikono inayotandika kitanda

Ndani ya meli hutumii noti. Kila soda, kila picha, kila dakika ya kutengenezwa nywele huandikwa kwenye deni la chumba, nawe huliona jumla siku ya mwisho. P&O huhesabu kwa pauni, Cunard kwa dola za Marekani. Mama aliyezoea dola za Australia aweke daftari dogo na kubadili hesabu kila jioni, kwa maana dola hizi mbili zina jina moja lakini thamani mbalimbali. Simu nayo iwekwe hali ya ndege. Mtandao wa baharini hupita kwenye setilaiti, na ujumbe mfupi wa salamu kwa wajukuu unaweza kuleta bili ya kushangaza.

Kisha kuna bakshishi. Tangu mwaka 2019 P&O haidai tena; imo katika nauli. Cunard kwa kawaida huongeza ada ya huduma kwa kila mtu kila siku, ingawa tiketi nyingine huwa imekwisha kuijumuisha, kwa hiyo uliza. Nchini Australia mhudumu hulipwa mshahara wa kutosha na sheria, na watu hawana mazoea ya kutoa bakshishi. Basi wapo wanaokwenda dawatini na kuomba ada hiyo ifutwe.

Katika hili mwandishi hataficha maoni yake. Wengi wa wanaotandika vitanda na kubeba sahani katika meli hizi wametoka Ufilipino na India. Wapo akina mama kati yao, na mikataba yao huwaweka baharini miezi mingi mfululizo huku watoto wakilelewa na bibi. Mwenye fedha ya kununua safari hii akafuta posho ya mama huyo kwa sababu "kwetu hatuna desturi hiyo", anaokoa nini?

Ukiugua

Meli ina zahanati, daktari na wauguzi, lakini utalipa kama katika hospitali ya binafsi. Waaustralia wengi hudhani Medicare, bima yao ya serikali, itawalipia kwa kuwa meli bado iko karibu na pwani yao. Mara nyingi hailipi, hata ndani ya maji ya Australia, na mapatano ya matibabu kati ya nchi hizo mbili hufanya kazi hospitalini Uingereza, si melini. Mgonjwa akilazimika kushushwa na kusafirishwa kwa ndege, gharama huweza kumaliza akiba ya uzeeni. Bima ya safari inayotaja meli waziwazi ni ya lazima, hata kama itabidi gauni moja lisinunuliwe.

Bahari ya Tasman, kati ya Australia na New Zealand, ina sifa ya kuchafuka. Chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, hutikisika kidogo kuliko vile vya mbele na juu. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila kabla ya kula, kwani ugonjwa wa kuhara ukiingia katika meli husambaa upesi.

Wajane na Jumapili

Utawakuta wajane wengi, na wajane hulipishwa vibaya: aliye peke yake katika chumba cha watu wawili hutozwa zaidi ya nauli ya mtu mmoja. Vyumba vya mtu mmoja vipo vichache, navyo huchukuliwa mapema. Cunard huajiri waungwana wa kucheza dansi na wanawake wasio na mwenzi, chini ya masharti makali: wasimpendelee mmoja, wala wasianzishe uhusiano. Msomaji anaweza kukunja uso, lakini mama wa miaka 70 aliyecheza na mumewe miaka 40, akapata tena kuzunguka ukumbini mara mbili kisha akarudishwa kitini kwa heshima, sioni amekosa nini.

Jumapili meli ikiwa baharini, katika Cunard nahodha mwenyewe kwa desturi huongoza ibada kwa Wakristo wa madhehebu yote. Baharia yule uliyemsikia jana mchana kwenye kipaza sauti akitaja upepo na kina cha maji, leo anasimama na kitabu cha nyimbo.

Ukirudi Sydney, angalia mkoba kabla ya kushuka. Tofaa ulilochukua mezani, asali uliyonunua bandarini, mbegu za maua ulizopewa na rafiki, vyote ni hatari mbele ya wakaguzi wa Australia, na faini yao ni kubwa. Matunda yaliwe au yaachwe chumbani, na chochote unachokitilia shaka kiandike kwenye fomu.