Mwanao yuko Bangkok na ana homa: usimtibu kwa simu

"Mama, shikamoo. Nimefika salama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Ndivyo simu ya kwanza inavyokuwa kijana wa Dar es Salaam anapotua Bangkok, mji mkuu wa Thailand, akiwa na begi moja mgongoni na akiba aliyoidunduliza kwa miezi. Mzazi huuliza chakula, malazi na usalama. Simu ngumu zaidi huja siku kadhaa baadaye: "Mama, mwili unauma, nina homa."

Afya huanza kuulizwa hata kabla kijana hajatoka Uwanja wa Ndege wa Suvarnabhumi. Wasafiri wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda hutakiwa kupita kwanza kwenye dawati la afya kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ndipo waende uhamiaji. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti chake hudumu maisha yote.

Nje ya uwanja, joto humpokea mlangoni. Aliyekulia Dar hudhani analijua joto la unyevunyevu, lakini mwezi Aprili mchana wa Bangkok hupita nyuzi 35, na usiku haupoi sana. Mwenye begi zito mgongoni hupoteza maji mengi kwa jasho. Anywe maji ya chupa mara kwa mara, asingoje kiu.

Mengine humfanya ajione yuko nyumbani. Magari hupita kushoto. Tuk-tuk inafanana na bajaji, na madereva wa bodaboda huvaa vizibao vya rangi ya chungwa. Vijana huwasalimia wakubwa kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa, jambo ambalo mtu aliyelelewa kwa shikamoo hulielewa mara moja. Kando ya barabara, kinu kinatwanga: ni som tam, saladi ya papai bichi yenye pilipili kali.

Kwenye chakula cha mtaani, kanuni ni ile ile ya kwa mama lishe: kula penye wateja wengi na chakula kinachotoka jikoni kikiwa cha moto. Kwenye pikipiki, asipande bila kofia ngumu. Thailand ni miongoni mwa nchi zenye vifo vingi vya barabarani, na wengi wanaokufa ni watu wa pikipiki.

Homa ya siku ya nane

Sasa turudi kwenye ile simu ya homa. Jibu la wazazi wengi linajulikana: "Hiyo ni malaria. Nunua mseto, na maumivu meza diklofenaki."

Jibu hilo linaweza kumdhuru.

Ndani ya jiji la Bangkok, mbu wa kuogopa zaidi ni yule anayeeneza dengi, ambayo Waswahili huiita pia kidingapopo. Mbu huyo huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na huzaliana kwenye maji yaliyotuama katika ndoo, matairi na vyungu vya maua. Chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Kijana apake dawa ya kufukuza mbu mchana na avae nguo za mikono mirefu.

Dengi huleta homa kali, maumivu ya kichwa nyuma ya macho, misuli na viungo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu kwa mgonjwa wa dengi. Cha kumeza kwa homa ni parasetamo kwa kipimo sahihi, pamoja na kunywa maji mengi.

Lakini malaria nayo isisahauliwe. Kijana anaweza kuwa aling'atwa na mbu nyumbani kabla ya safari, kwa kuwa dalili mara nyingi hujitokeza kuanzia siku ya 7, wakati mwingine baada ya wiki kadhaa. Daktari wa Bangkok, aliyezoea kuona dengi, anaweza asiifikirie malaria kama mgonjwa hasemi alikotoka. Hivyo mfundishe mwanao sentensi moja: "Nimetoka Tanzania, nchi yenye malaria. Naomba nipimwe malaria na dengi."

Mwambie pia kwamba homa kushuka si lazima kuwe kupona. Kwa dengi, hatari kubwa huja homa inapopungua, kati ya siku ya 3 na ya 7. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, kuhangaika au kuishiwa nguvu ni dalili za kukimbilia hospitali. Namba ya dharura ya wagonjwa Thailand ni 1669. Bima ya safari ikatwe kabla ya kuondoka.

Akirudi na kupata homa ndani ya wiki mbili, amwambie daktari wa hapa kwamba alikuwa Bangkok. Dar es Salaam yenyewe ilikumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na 2019, kwa hiyo si ugonjwa mgeni.

Na ukimpigia kumjulia hali, kumbuka Bangkok iko saa nne mbele. Saa nne usiku ya Dar, kwake ni saa nane usiku. Mpigie jioni mapema, umuulize amekula nini, kisha umuulize kama amepaka dawa ya mbu.