Tusomapo Visa vya Mauaji, Twajifunza Nini?

Katika mji wetu huu mdogo, ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika kusini ya Bujumbura, jua likishatua na wavuvi wakishaondoka na taa zao, kila mtu hutafuta pa kupitishia jioni. Wako waendao kusali, wako wachezao karata barazani, na wako, nao ndio wengi siku hizi, wakusanyikao mbele ya televisheni ya jirani au kuinamia simu zao za mkononi. Nasi tu miongoni mwa hao wa mwisho. Yafaa tuungame tangu mwanzo kwamba sisi ni wapenzi wa visa vya mauaji. Na si vile vya kubuni tu, bali vile vilivyotokea kweli, ambavyo watengenezaji wa filamu wa Ulaya na Marekani hutuletea pamoja na picha za nyumba zenyewe, za mahakama na za makaburi.

Mapenzi hayo hayakuanzia kwenye televisheni. Yalianzia kwenye vitabu. Wasomaji wa makamo yetu watamkumbuka Bwana Msa na kiko chake, yule mpelelezi aliyebuniwa na marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kisa chake cha kwanza, “Mzimu wa Watu wa Kale”, kilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58, kikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Vitabu vya namna hiyo vilifika hata huku kwetu, vikapita mkono kwa mkono hadi majalada yakabanduka. Na kama kulikuwa na fundisho moja ndani yake, ni hili: mtu ambaye watu wote wanamnyoshea kidole mwanzoni mwa kitabu, mara nyingi siye atakayefungwa mwishoni.

Fundisho hilo tulilisoma mara nyingi. Lakini kusoma ni jambo moja, na kuyashika uliyoyasoma ni jambo jingine. Leo twataka kueleza jinsi sisi wenyewe tulivyoshindwa kulishika.

Madumu ya mawese

Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa wetu, madumu kumi na mawili ya mawese yalitoweka usiku mmoja kutoka ghala ya mfanyabiashara jirani yetu. Kufuli haikuvunjwa, wala mlango haukuharibika. Kwa mtu asiyeishi na michikichi, madumu kumi na mawili yaweza kuonekana kitu kidogo. Kwa jirani yetu ilikuwa karo ya watoto na deni la msimu mzima.

Mtaani humo alikuwamo mchukuzi mmoja wa mizigo kwa baiskeli. Alikuwa ametoka milimani, hakuwa na ndugu mjini, na alipanga chumba nyuma ya ghala ile ile. Alikuwa mtu mkimya. Jioni, badala ya kukaa vijiweni, alikuwa akisoma. Ndiyo sababu tulifahamiana naye, kwa kuwa alikuja kwetu kuazima vitabu, na kila alichoazima alikirudisha kimefungwa katika gazeti ili kisichafuke.

Ikatokea kwamba usiku uliotangulia wizi ule, tulikuwa tumetazama kwa jirani filamu ya kisa cha kweli cha Ulaya, ambamo muuaji alikuwa mpangaji mpole, asiyesema na mtu. Asubuhi, umati ulipokusanyika mbele ya ghala, mtu mmoja alisema: “Watu wakimya ndio wa kuogopwa.” Msomaji, mtu huyo alikuwa sisi.

Hatukulitaja jina lake. Hatukuwa na haja ya kulitaja, kwa kuwa macho yote yaligeukia chumba cha nyuma. Kufikia adhuhuri ilikwisha semwa kwamba baiskeli yake ilisikika usiku wa manane. Kufikia jioni walikuwapo walioiona. Chumba chake kikapekuliwa, hakikupatikana kitu, na watu wakasema kwamba kutopatikana kitu ndiko kunakothibitisha ujanja wake. Hakupigwa, twamshukuru Mungu kwa hilo, kwa maana mkuu wa nyumba kumi alisimama mlangoni akakataa. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyempa mzigo wa kubeba. Mama muuza uji alikuwa akimhudumia wa mwisho. Nasi, tulipokutana naye njiani, tulijifanya kuangalia upande wa ziwa.

Baada ya siku tisa aliondoka. Alfajiri ile mtoto mmoja alibisha hodi kwetu akiwa na kitabu tulichokuwa tumemwazima mgeni yule. Kilikuwa kimefungwa katika gazeti kama kawaida, na hakukuwa na neno lolote.

Haikupita miezi miwili, mwenye ghala alimkamata mpwa wake mwenyewe, aliyekabidhiwa ufunguo wa pili, akipakia madumu mengine katika lori kabla ya mapambazuko. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mtaa mzima ulishangaa kwa siku mbili, ukacheka, ukasahau. Hakuna aliyekwenda milimani kumtafuta mchukuzi yule.

Kijiji cha Holcomb

Tumelikumbuka jambo hili kwa sababu hivi karibuni tumerudia kusoma, kisha tukatazama, kisa ambacho pengine ndicho mashuhuri kuliko vyote vya aina yake. Ni kisa cha Holcomb, kijiji cha wakulima wa ngano na wafugaji katika tambarare za magharibi ya jimbo la Kansas, nchini Marekani. Mwaka 1959 wakazi wake hawakuzidi mia tatu. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba mwaka huo, mkulima mmoja aliyeheshimiwa sana, Herbert Clutter, aliuawa kwa bunduki nyumbani mwake pamoja na mke wake Bonnie, binti yao Nancy aliyekuwa na miaka 16, na mtoto wao wa kiume Kenyon aliyekuwa na miaka 15.

Habari hiyo ilichapishwa kwa ufupi tu katika gazeti moja kubwa la New York. Mwandishi Truman Capote aliisoma, akafunga safari kwenda Kansas akifuatana na rafiki yake wa utotoni, Harper Lee, ambaye riwaya yake mwenyewe iliyompatia sifa duniani ilikuwa bado haijatoka. Kazi ya Capote ilitokea kwanza kwa sehemu nne katika jarida la The New Yorker mwaka 1965, kisha ikawa kitabu, “In Cold Blood”, mwaka 1966. Mwaka uliofuata Richard Brooks aliitengenezea filamu isiyo ya rangi, na sehemu zake alizipiga ndani ya nyumba ile ile ya marehemu.

Wengi hukisifu kitabu hicho kwa jinsi kinavyowachora wauaji. Sisi safari hii tulivutwa na kijiji. Watu wa Holcomb hawakuwa na desturi ya kufunga milango yao kwa ufunguo. Baada ya mauaji walikimbilia kununua kufuli na makomeo, wakalala taa zikiwaka. Nao hawakuwa wakiwaogopa wageni. Walikuwa wakiogopana wao kwa wao, kwa kuwa waliamini kwamba aliyetenda tendo lile ni mmoja wao.

Palikuwa na kijana, rafiki wa Nancy, aliyekuwa mgeni wa mwisho nyumbani humo. Jioni ile alikaa na familia wakitazama televisheni, kisha akaenda zake. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhojiwa na kushukiwa, hata akapimwa kwa ile mashine ya kubainisha uongo, ikaonekana kwamba hana hatia. Tulipofika hapo tulikifunga kitabu. Tulimfikiria kijana huyo, aliyefiwa na kushukiwa kwa pamoja, kisha tukamfikiria mtu wa baiskeli.

Ukweli ulipojulikana, ulikuwa mbali na mawazo ya kila mtu. Wauaji walikuwa Richard Hickock na Perry Smith, wafungwa wawili walioachiliwa, ambao waliendesha gari zaidi ya kilomita 600 kuja mahali ambapo hawakujulikana na mtu. Hickock alikuwa amesikia gerezani, kwa mfungwa mwenzake aliyewahi kufanya kazi katika shamba hilo, kwamba Clutter ana sanduku la chuma lenye dola 10,000. Sanduku hilo halikuwapo. Marehemu alikuwa mtu wa kulipa kwa hundi, asiyeweka fedha nyumbani. Walichopata hakikufika dola 50. Mfungwa yule yule aliyesimulia habari za sanduku ndiye aliyewafichua baada ya kusikia habari ya mauaji redioni. Walikamatwa Las Vegas tarehe 30 Desemba 1959, wakahukumiwa mwaka uliofuata, wakanyongwa tarehe 14 Aprili 1965.

Kwa hiyo watu wanne waliuawa kwa uvumi wa gerezani, kisha kijiji kikateswa kwa uvumi wa barazani. Uvumi wa kwanza ulidai kuna fedha zisizokuwapo, na wa pili ulidai kuna muuaji jirani asiyekuwapo. Huko Kansas mhalifu alitoka mbali nao wakamtafuta karibu. Kwetu mhalifu alikuwa karibu nasi tukamwona katika mgeni. Methali haziwezi kutuamulia mambo kama haya. Kinachoweza kuamua ni ushahidi, nao huja polepole, wala haujali nani anapendeza na nani anatisha.

Kalamu, kamera na wafiwa

Hata hivyo, tusiseme kwamba kila kilichoandikwa au kupigwa picha kwa jina la kisa cha kweli ni kweli tupu. Capote alijigamba kwamba kitabu chake ni sahihi kila neno, lakini wachunguzi waliomfuatia waligundua mambo aliyoyatia mwenyewe. Mazungumzo ya makaburini yanayokifunga kitabu, kati ya mpelelezi Alvin Dewey na rafiki wa Nancy, hayakutokea. Ikiwa mwandishi mkubwa namna hiyo, aliyefanya kazi kwa karibu miaka sita, alishawishika kuutengeneza mwisho upendeze, tutasemaje juu ya filamu zitengenezwazo kwa haraka ili kutushika hadi usiku wa manane?

Tena wako wafiwa. Mwaka 2022, kwa mfano, tamthilia juu ya Jeffrey Dahmer, aliyewaua wanaume na wavulana 17 nchini Marekani kati ya 1978 na 1991, ilitazamwa na mamilioni ya watu duniani. Baadhi ya jamaa za waliouawa walilalamika hadharani kwamba hawakuulizwa, na kwamba wanalazimishwa kuuishi msiba wao upya. Huko Holcomb nako, walipoweka kumbukumbu ya akina Clutter mwaka 2009, waliikusudia ikumbushe jinsi familia hiyo ilivyoishi. Jina la muuaji twalijua sote. Majina ya waliouawa ni wangapi kati yetu wanaoyakumbuka?

Hatusemi kwamba watu waache kusoma au kutazama. Tukisema hivyo tutakuwa wanafiki, maana kesho jioni mtatukuta pale pale kwa jirani. Visa hivi vyaweza kutufundisha jinsi upelelezi ufanywavyo, jinsi mahakama inavyopima maneno, na jinsi tamaa ndogo inavyozaa msiba mkubwa. Lakini televisheni ina hila moja. Hutuonyesha mtuhumiwa huku ikiwa imekwisha jua mwisho, hata kila tabasamu lake likaonekana la kinafiki na kila ukimya wake ukaonekana wa hatari. Mtazamaji huamka kitini akidhani amejifunza kusoma nyuso. Hutoka nje akiwa na elimu hiyo bandia, akakutana na jirani yake, ambaye mwisho wa kisa chake haujulikani na mtu.

Katika mji mkubwa mtu mwenye elimu hiyo hupotea katika umati. Katika mji mdogo hupata wasikilizaji. Soko letu ni moja, gati letu ni moja, na neno lisemwalo asubuhi kwa muuza uji limekwisha fika kwa wavuvi kabla hawajalala. Mtu akinyimwa salamu huku, hana mtaa mwingine wa kuhamia. Hubaki na njia moja tu, ile ya kuondoka.

Maneno yetu wenyewe yalikuwa manne tu au matano, wala hayakuwa na jina la mtu ndani yake. Mahakama yoyote isingetuhukumu kwa hayo. Lakini tukiulizwa ni nani aliyemfukuza mchukuzi yule mjini, hatuwezi kumtaja mpwa wa mwenye ghala peke yake.

Ikiwa ndugu huyo bado anasoma, kama alivyokuwa akipenda, na ikiwa ukurasa huu utamfikia huko aliko, twamwomba radhi hapa mbele ya watu, kwa kuwa ni mbele ya watu tulipomkosea. Kitabu chake cha mwisho bado tunacho, ndani ya gazeti lile lile. Hakujatokea mwingine wa kukiazima, nasi hatujakifungua. Hodi yake itaitikiwa.