Jibini ya soseji haingoji mechi iishe

Huko Texas, Marekani, nyumba nyingi siku ya Super Bowl huweka mezani bakuli la jibini ya moto yenye soseji na pilipili. Kila mtu huchovya chipsi kavu za mahindi.

Nusu kilo ya soseji mbichi, ya nguruwe au ya ng'ombe, huvuliwa ngozi na kukaangwa huku ikivurugwa, mpaka isibaki nyama yenye rangi ya waridi. Mafuta yamwagwe yote, hata kama roho inauma. Linafuata kopo la nyanya zenye pilipili. Wateksasi hupenda Ro-Tel, iliyoanzia mji wa Elsa mwaka 1943. Mwisho jibini nusu kilo, iliyokatwa vipande, kwa moto mdogo.

Jibini ya kusindikwa kama Velveeta ina chumvi maalumu zinazoshikanisha mafuta na maji, ndiyo maana huyeyuka laini. Cheddar ikipigwa moto mkali hufanya mabonge na kuachia mafuta. Anayeitaka aikune, aichanganye na kijiko cha kornfulawa, kisha aitie kidogo kidogo kwenye maziwa ya moto yasiyochemka.

Hatari iko mezani. Chakula hiki kisipobaki na joto la nyuzi 60 au zaidi, kisikae nje kupita saa 2, na mechi huzidi saa 3. Basi nusu ibaki friji, ipashwe moto wakati wa mapumziko, na iletwe kwenye bakuli safi. Kilichobaki katika bakuli la kwanza kisirudishwe sufuriani.